Kwa Bi Zuhura Kila Sauti Ilikuwa Nyuma

Nyie mnaotaka kuingia kazi ya sauti, mmeniomba niwasimulie, nami nimekubali kwa sharti moja: msinikalishe kitini. Sikai. Nilipokuwa mdogo huko Mchukwi, mama alikuwa kila mara akiniuliza kama nimekalia siafu. Kazini nilizunguka na nyaya shingoni, na sasa nimestaafu nazunguka uani mpaka kuku wameacha kunikimbia. Hata haya nayaandika nikiketi na kusimama, nikiketi na kusimama. Yakija vipande vipande, ndivyo nilivyo.

Kwanza chomoeni hivyo vidude masikioni. Mpe mwenzio funguo, wewe fumba macho na usitikise kichwa. Akizitikisa kulia utajua ni kulia, akizitikisa kushoto utajua pia. Sasa azitikise katikati kabisa, mara mbele ya pua, mara nyuma ya kisogo. Mara nyingi bado utapatia. Haya, kanda unga wa ngano kidogo, jaza ile mikunjo ya sikio ukiacha tundu wazi, halafu mrudie. Hapo utaanza kubahatisha na mwenzio atakucheka mpaka akae chini.

Kulia na kushoto ni kazi rahisi. Sauti ya kulia inafika sikio la kulia mapema kidogo, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kichwa kimelikinga sikio la kushoto. Lakini kilicho mbele yako kabisa na kilicho nyuma yako kabisa vinafika masikio yote mawili pamoja. Hapo unategemea vitu viwili. Cha kwanza ni mikunjo ya sikio, ambayo huibadili sauti ya mbele kwa namna yake na ya nyuma kwa namna nyingine. Cha pili ni shingo. Ukigeuka kidogo kulia, sauti ya mbele inasogea kushoto na ya nyuma inasogea kulia, na ubishi umekwisha. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na bado naisahau shingo, kama mtakavyoona.

Mimi nilianzia redioni, enzi za mikanda mikubwa tuliyoikata kwa wembe na kuiunganisha kwa gundi. Fundi aliyenifundisha, Mzee Kondo, alikuwa mtu wa maneno machache na macho ya usingizi, ila masikio yake hayakulala. Mara ya kwanza nilipokabidhiwa maiki mbili badala ya moja nilitumwa Ngorongo kurekodi harusi. Nikarudi nimevimba kichwa. Mzee Kondo akavaa hedifoni, akafumba macho, akausikiliza msafara wa bwana harusi kwa heshima zote, vigelegele, ngoma, nyayo, kila kitu. Kisha akauliza:

"Tatu, pale uliposimama, nyumba ya bibi harusi iko upande gani?"

"Kushoto, mzee."

"Na kulia kuna nini?"

"Kulia ni mtoni."

"Basi huyu bwana harusi mmemwozesha mamba."

Nilikuwa nimechomeka nyaya kinyume, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na msafara wote unasikika ukiteremka majini kwa shangwe. Tangu hapo, kabla ya kurekodi chochote, napiga kofi upande wa kushoto na kusema kwa sauti, "Kushoto." Wanaonipita njiani hudhani nimerukwa na akili. Nanyi fanyeni hivyo, mtaniombea dua siku moja.

Nilistaafu nikidhani nitapumzika. Nilipumzika kidogo tu, nikaanza kuwasumbua watu wote nyumbani, nahamisha makabati, nafungua redio nzima za watu. Walifurahi mno niliposikia kwamba kuna mradi Kibiti mjini unatafuta fundi wa kurekodi. Ulikuwa mradi wa kuwafundisha watu waliopoteza kuona watembee kwa kusikia. Mtu anavaa hedifoni akiwa ndani salama, nawe unamletea Barabara ya Kilwa masikioni: basi la Lindi linakuja kulia, bodaboda inachomoza nyuma, muuza maji anapita mbele akinadi. Anajifunza kujua kila kitu kiko wapi kabla hajaenda kuivuka barabara yenyewe. Akikosea, haumii mtu.

Mhandisi wa mitambo alikuwa binti wa Dar, Neema, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Aliniita Bibi. Mimi nilimwita mhandisi nikitaka kumtania, na mwanangu nikitaka kitu. Ndiye aliyenionyesha kwamba sauti siku hizi hupikwa. Unachukua mlio wowote mkavu, unaupitisha kwenye kompyuta, kompyuta inaucheleweshea sikio moja, inaupunguza kidogo, inaukunja kama sikio lingeukunja, na mtu anausikia uko hatua chache nje ya kichwa chake, begani, au juu ya paa. Juu ya hedifoni kuna kidude kinachojua kichwa kimegeukia wapi. Ukigeuka, kompyuta inaubakiza mlio pale pale ulipokuwa. Siku ya kwanza niliyovaa nilizungukazunguka kama mtoto, nikimtafuta kuku ambaye hayupo, na Neema akanirekodi kwa simu. Video hiyo bado anayo, ananitisha nayo.

Shida ilikuwa moja. Mikunjo iliyotumika haikuwa ya mtu wa huku. Ilipimwa kwenye kichwa cha plastiki kilichotoka ng'ambo, masikio yake ya mpira, makubwa, yamesimama. Nilikipa jina la Bwana Mkubwa. Ukisikiliza kwa masikio ya mwingine, kulia na kushoto hakukusumbui. Mbele na nyuma, juu na chini, ndiko kunakovurugika. Wengine sauti haitoki hata nje, inawakaa katikati ya kichwa kama mafua. Dawa ya hao ni kuongeza mwangwi kidogo, kama wa chumba chenye kuta, na mlio unatoka nje wenyewe. Hilo liandikeni mahali.

Walipokuja wakulima kutoka Ngorongo kutusaidia kujaribu, tuliwapigia mlio wa ndege juu ya kichwa, wakaonyesha chini. Mlio wa mbele, chini kidogo. Hata radi, chini! Neema akasema, "Bibi, hii mashine inazingua." Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Mimi nikamwuliza mmoja wao analala wapi mpunga ukianza kukomaa. "Dunguni," akajibu, akimaanisha kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu hukaa kulinda mashamba. Mtu aliyekulia juu ya dungu, kila kinachomhusu kiko chini yake: nguruwe, viboko, na wezi. Sikio likikosa uhakika linakwenda kule lilikozoea. Tulicheka sana siku hiyo, nikajiona nimeshaijua kazi yote.

Ndipo akaletwa Bi Zuhura.

Alitoka Kiongoroni, kule mwisho wa delta ambako ukipita hapo umeingia bahari. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza kuona. Mumewe, ambaye alikata naye boriti za mikoko na kuvua naye kamba ujana wao wote, alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki. Aliyemleta alikuwa mwanawe, Hamisi, anayeziba pancha Mbagala na ana mke na watoto huko. Hamisi alitaka mama ahamie kwake, na mama hataki hata kusikia. Wamevutana mpaka majirani wamechoka kusuluhisha. Mwisho wakakubaliana hivi: aende kupimwa Kibiti. Mashine ikisema anaweza, mradi utampelekea mwalimu wa fimbo nyeupe hadi kisiwani, na Hamisi atamwacha abaki nyumbani kwake. Mashine ikisema hawezi, anapanda basi la Mbagala na hakuna mjadala tena.

Nilipoelezwa hivyo nilikasirika. Mashine yetu haikutengenezwa kuamua mtu azeekee wapi, na nilimwambia Hamisi hivyo waziwazi.

"Mama, mie nataka kitu kiniambie ukweli," akanijibu. "Yeye akisema anaweza, ni ubishi. Mie nikisema hawezi, ni woga. Wacha iseme mashine."

Alikuwa kijana wa adabu. Simu yake ilikuwa mkononi muda wote, anaiwasha na kuizima bila kuitazama.

Tulimkalisha Bi Zuhura kwenye kiti chetu cha ofisini, kile cha kuzunguka, chenye magurudumu. Nikamvisha hedifoni juu ya ushungi, nikavua, nikamfunga ushungi nyuma ya masikio, nikamvisha tena. Nikamweleza: ukisikia mlio, nyoosha kidole unakotoka.

"Nyuma," akasema. Mlio ulikuwa mbele.

"Nyuma," akasema tena. Huo kweli ulikuwa nyuma.

"Nyuma. Na huyu nyuma, kushoto kidogo. Na huyu nyuma tena. Bi Tatu, huyu mtu wenu hana shughuli huko mbele?"

Neema alicheka, mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Hamisi ameiweka simu mfukoni. Tuliendelea mpaka mwisho. Mabasi yote ya Lindi yalimjia kwa kisogo. Kulia na kushoto hakukosea hata kidogo, lakini mtu anayevuka barabara akiamini gari la mbele liko nyuma hawezi kuruhusiwa, na kila aliyekuwa mle chumbani alilijua hilo, pamoja na Bi Zuhura mwenyewe.

"Basi, umeona mwenyewe, mama," Hamisi akasema taratibu.

"Sijaona kitu, mwanangu, ndiyo maana nimeletwa," akajibu. Alikuwa anatafuta kanga yake kwa mkono.

Nilimwomba Hamisi atupe mpaka kesho. Alikubali kwa shingo upande. Jioni yote sikutulia, nilikwenda sokoni nikarudi bila kununua kitu, nikaenda tena. Neema alikuwa na mikunjo mingine kwenye kompyuta, iliyopimwa kwa watu mbalimbali, basi tukamweka kando Bwana Mkubwa na kuchagua sikio dogo, lililolala, linalokaribia la Bi Zuhura. Asubuhi tukamkalisha tena. Mlio wa kwanza, mbele ya pua yake.

"Nyuma," akasema.

Nilitamani kuipiga teke ile kompyuta. Nikamwondoa Bi Zuhura kitini, nikakaa mwenyewe, nikavaa hedifoni, nikapatia zote. Mbele, mbele, nyuma, mbele. Nikamwambia Neema hakuna ubovu hapa. Neema alikuwa amenikodolea macho, mikono kiunoni.

"Bibi, hebu nyanyuka. Halafu kaa tena."

"Kwa nini?"

"We kaa tu."

Nikakaa. Akaanza kucheka peke yake.

"Wewe ukikaa hapo kiti hakitulii hata dakika. Unakwenda huku, unakwenda huku. Kichwa kinazunguka, kile kidude kinafanya kazi, unapatia. Sasa yeye jana alikaa kama anapigwa picha ya pasipoti."

Nilimkumbuka Bi Zuhura jana yake, mgongo umenyooka, mikono mapajani, shingo haikusogea tangu mwanzo hadi mwisho. Na mimi nilikuwa nimemsifu moyoni, nikisema huyu mama mtulivu, mtiifu, si kama mimi. Utulivu wenyewe ndio uliokuwa unamwangusha. Nilimwuliza kwa nini hageuki.

"Nigeuke kwenye kidude hiki?" akasema Bi Zuhura, akikipapasa kiti. "Kinayumba. Mtumbwini hatugeuki, mwaya. Ukigeuka, mnapinduka, na mnajua chini mna nini. Sie tumechapwa kwa hilo tangu hatujaota meno. Mume wangu alikaa omo, yeye kazi yake kutazama mbele. Mie nimeshika kafi huku tezi, kazi yangu kusikiliza nyuma, maana boti za mashine zinakuja kwa kasi, na kiboko anaweza kuibuka mkishampita. Nilisikiliza, nikamwambia, hakuna aliyegeuka."

Mmeelewa, wanangu? Tulikuwa tumemweka mtu wa mtumbwi kwenye kitu kinachoyumba, tukamwambia asikilize. Akafanya kile ambacho maisha yake yote yalimfundisha: akakaza shingo, akaelekeza masikio nyuma. Kompyuta ilikuwa inangoja ageuke ili imwambie mbele ni wapi, na yeye alikuwa anangoja tusipinduke.

Neema alikwishatoka, akarudi na mkeka wa mlinzi. Tukautandika sakafuni, Bi Zuhura akakaa, akakunja miguu, akagonga sakafu kwa kiganja.

"Hapa sawa," akasema.

Mlio wa kwanza ukapigwa. Kichwa chake kikaenda kulia kidogo, kikarudi, kama kuku anayetafuta punje, na kidole kikanyooka mbele. Hakupatia yote. Kulikuwa na bodaboda moja ilimchanganya mpaka akaitukana. Lakini mabasi ya Lindi yalirudi kwenye barabara yao, na mimi na Neema tulikumbatiana kama watu wa harusi.

Hamisi hakukumbatiana na mtu.

"Nimefurahi, Mungu anajua," akaniambia. "Lakini hiki ni chumba, mama. Kiongoroni kuna matope, kuna mito, maji yanajaa usipotazamia. Mimi nikiwa Mbagala nitajuaje anasikia nini huko?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia twende huko huko, tumwekee maiki masikioni, atembee, na utasikia anachosikia yeye. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilipaswa kujiuliza kwa nini, lakini nilikuwa nina haraka ya kufunga mizigo.

Sasa somo, kabla hatujapanda boti. Maiki za kuvaa masikioni ni ndogo kama punje ya mahindi. Usizizamishe ndani, zikae mlangoni mwa tundu ili sauti ipite kwanza kwenye mikunjo ya mtu mwenyewe. Zivishe sponji, maana upepo wa delta hauna huruma. Na mkimrekodi mwanamke wa kwetu, kumbukeni ushungi: nguo ikigusa maiki unasikia kama mtu anaburuta bati. Bi Zuhura tulimbana kanga kwa pini nyuma ya masikio, akalalamika anaonekana kama bibi harusi mzee, nami nikamwambia ndivyo alivyo.

Tuliteremka Nyamisati, tukapanda boti, tukafika Kiongoroni maji yamekupwa. Boti ikasimama mbali na diko, pale mitumbwi inapofungwa, tukashuka matopeni, viatu mkononi. Nikamweka Bi Zuhura uso ukitazama kijijini, nikawasha mashine, nikapiga kofi kushoto kwake, "Kushoto." Nilikuwa mbele yake napima viwango, nahangaika na upepo, mashine ya boti inaguruma nyuma kwa sababu nahodha hataki kuizima. Hamisi alibaki huko nyuma na nahodha. Neema alikuwa anafukuza watoto. Kisha nikamwambia Bi Zuhura, haya, tuongoze.

Wanangu, alitembea. Alipita matopeni akihesabu mikoko kwa mlio wa kaa, akapanda mchanga, akasema, "Kulia hapo watoto wa chuo," na kweli walikuwa wanasoma Kurani kwa sauti moja. "Hii cherehani ya Omari, ina njaa ya mafuta." Omari akaitikia ndani kwamba amesikia. Nilikuwa natembea kando yake kwa furaha. Halafu, karibu kabisa na nyumba yake, akajikwaa kwenye mtumbwi ambao mtu alikuwa ameuvuta pale kuutengeneza, akaanguka kwa magoti na viganja.

Mtumbwi uliolala hautoi sauti. Hilo ndilo ambalo mwalimu wa fimbo angekuja kulifundisha, nami nililisema pale pale, lakini Hamisi alikuwa ameshafika na kumwinua mama yake, uso umembadilika.

"Imetosha," akasema. "Imetosha, mama."

Bi Zuhura alijipangusa mchanga, akavua maiki mwenyewe akanipa, akasema anakwenda jikoni kuteleka chai kwa kuwa wageni hawanywi ubishi. Akazunguka nyumba peke yake, mkono ukutani.

Nilimkalisha Hamisi barazani. Nikamwambia, ulitaka kujua anasikia nini, basi sikia kwanza ndipo useme imetosha. Nikamvisha hedifoni, nikarudisha rekodi mwanzo kabisa, nikaibonyeza. Mimi sikuwa nimeisikiliza. Hapo ndipo ningetaka mjifunze kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: ukiweka maiki kwenye sikio la mtu, umebeba kila alichosikia, pamoja na asichotaka wewe ukijue. Isikilizeni kwanza peke yenu. Siku hizi nafanya hivyo.

Alianza vizuri. Nilimwona akitabasamu kidogo, nadhani kwa lile kofi langu. Halafu akageuka ghafla kutazama nyuma. Hapakuwa na kitu, ni ukuta. Akageuka upande wa pili, haraka zaidi. Rekodi ya namna hii si kama ile ya kompyuta, haibaki mahali pake. Ukigeuza kichwa inageuka nawe, kwa hiyo kilicho nyuma kitakuwa nyuma hata ukizunguka mpaka uanguke. Hamisi aligeuka mara tatu nne akimtafuta mtu aliyekuwa nyuma yake. Kisha akaacha kugeuka, akatulia, akavua hedifoni na kunipa. Nikairudisha rekodi nyuma kidogo, nikaivaa.

Ilikuwa sauti yake. Ya chini, nyuma, upande wa kushoto, chini ya mngurumo wa mashine, lakini kila neno liko wazi.

"Akijikwaa hata mara moja, maji yakijaa tunaondoka naye. Tutamwambia anarudi Kibiti kupimwa tena. Akishafika Mbagala atazoea."

Na sauti ya nahodha: "Na vitu vyake?"

"Vitu vitafuata."

Halafu mimi nikisema tuongoze.

"Alikuwa amenipa mgongo," Hamisi akasema. "Mashine inaguruma. Hata wewe hukusikia."

"Mimi sikusikia," nikamwambia. "Maiki zilikuwa masikioni mwake."

Sijui kama alinisikia. Nilikuwa namfikiria Bi Zuhura akitembea njia ile yote, akitutajia cherehani na watoto wa chuo kwa uchangamfu, huku anajua kinachomngoja akijikwaa. Na nadhani ndicho kilichomwangusha. Masikio yake yalikuwa nyuma, yanafuata nyayo za mwanawe. Niliona uchungu ambao sijawahi kuuona kazini, na hasira pia, nusura nimwambie Hamisi maneno mabaya. Lakini alikuwa ameshanyanyuka.

Alizunguka nyumba, nami nikamfuata kwa mbali, kwa sababu siwezi kukaa watu wakienda. Jiko lilikuwa banda la makuti, mlango mmoja. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akipuliza moto, mgongo kwetu. Hamisi alikuwa peku, mchanga laini, hakukohoa, hakusema hodi. Akasimama mlangoni tu.

"Ingia au utoke, Hamisi," Bi Zuhura akasema bila kugeuka. "Umenizibia watoto wa chuo."

Alikuwa amewazibia kweli. Mwili wake ulisimama kati ya mama yake na sauti zile, zikafifia, na yeye akajua ni nani mrefu kiasi hicho anayesimama bila hodi. Hamisi akaingia. Akabaki nyuma yake.

"Ulinisikia pale dikoni."

"Nilikusikia."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa nangoja uje mbele yangu uniambie mwenyewe."

Hamisi akazunguka jiko, akachuchumaa mbele yake, moshi ukimwingia machoni. Akamwambia yote. Kwamba simu ikilia Mbagala usiku anadhani ni ya kumwambia mama ameingia mtoni. Kwamba amechoka kuogopa. Kwamba alitaka kumdanganya, na alikuwa ameshapanga chumba. Bi Zuhura alimwacha aseme mpaka mwisho, hakumkatisha hata mara moja. Kisha akanyoosha mkono, moja kwa moja, bila kupapasa, akalikamata sikio la mwanawe na kulikunja kama la mtoto mtundu.

"Siendi," akasema, na hakuliachia mpaka alipoitikia.